Imani ikiondoka, wema unasimama juu ya nini?

Siku niliyowaambia nyumbani kwamba sina tena imani, niliulizwa maswali mawili. Baba mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa, aliuliza la kwake kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda kesi: "Sasa kama humwogopi Mungu, kinachokuzuia usiibe ni nini?" Mama alikaa kimya muda mrefu. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta mpaka pumba zote zikaisha, ndipo akauliza bila kuniangalia: "Na ukifa, mwanangu, nani atakuzika?"

Kwa miaka kadhaa niliamini swali la baba mdogo ndilo zito, na la mama ni hofu ya mzazi tu. Nimesoma, nimebishana, nimekesha nikiwaza, na leo naona nilikosea kuyapima. Swali la baba mdogo lina majibu, tena mengine ni ya zamani kuliko Ukristo wenyewe. La mama ndilo linalonikaba. Nayaandikia yote mawili kwa sababu najua wapo wengi wanaoyabeba peke yao, wanakwenda ibada kila Jumapili na kurudi na mzigo uleule.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo mazungumzo mengi hufia. Kwetu asiye na dini huitwa mpagani, na neno hilo likishatamkwa hakuna anayesikiliza tena. Lakini watu wasioamini si wa aina moja. Yupo mkana Mungu, anayesema Mungu hayupo. Na yupo agnostiki, ambaye anasema jambo jingine kabisa: sijui, na wewe unayesema unajua, sioni umejuaje. Neno hili lina baba na mwaka wa kuzaliwa. Aliyeliunda ni Thomas Henry Huxley, mwanasayansi wa Uingereza, mwaka 1869, alipojiunga na chama cha mijadala jijini London. Humo mlikuwa na maaskofu, wanafalsafa na wanasayansi, na kila mmoja alikuwa na jina la msimamo wake. Yeye hakuwa nalo, akajitengenezea moja kutoka Kigiriki, ambako "gnosis" ni ujuzi na "a" ya mbele hukanusha. Kwake haikuwa imani mpya. Ilikuwa nidhamu: usidai kuwa na hakika ya jambo ambalo ushahidi wake haukufikishi kwenye hakika.

Itazame vizuri nidhamu hiyo. Kabla haijawa msimamo juu ya Mungu, ni amri juu ya kusema kweli. Huhubiriwa mara nyingi kwamba anayeacha imani ametamani dhambi, ametafuta mwanya wa kuishi anavyotaka. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini wengi niliozungumza nao walitoka kwa sababu kanisa lenyewe liliwafundisha wasiseme uongo. Mimi nilikwama kwenye Imani ya Mitume. Nilikuwa naimba besi kwenye kwaya, nasimama mbele ya usharika mzima, na tulipofika kwenye ufufuo wa mwili na uzima wa milele, midomo ilisema na moyo ukanyamaza. Baadaye nikaanza kuiruka ile mistari, nikijifanya nakohoa. Nilijua ninachokifanya, na nilijua Amri ya Nane kwa hesabu ya Kilutheri inakiitaje.

Mwaka uleule wa 1869, katika chuo cha Trinity, Cambridge, mwalimu mmoja aitwaye Henry Sidgwick alikuwa na tatizo kama hilo, ila lake lilimgusa mkate. Cheo chake chuoni kilimtaka akiri Kanuni 39 za Kanisa la Uingereza. Kusema anakubali kwa mdomo tu, huku akijitafsiria moyoni, kungemwachia cheo na mapato yake. Akajiuzulu. Miaka miwili baadaye Bunge likafuta sharti hilo, na mwaka huohuo Sidgwick akapanga nyumba ya wasichana waliotaka kusikiliza mihadhara Cambridge, mbegu iliyoota kuwa chuo cha Newnham. Mtu aliyepoteza imani alianza kwa kutoa alichokuwa nacho ili asiseme uongo, kisha akatumia fedha na muda wake kuwafungulia wanawake mlango. Namtaja mapema kwa sababu nitamhitaji tena kwenye jambo ambalo lilimshinda.

Sasa baba mdogo. Swali lake ni mafundo matatu yaliyofungwa pamoja, na mabishano hayaishi kwa sababu mmoja anafungua fundo hili huku mwenzake anakaza lile.

Fundo la kwanza ni la nilikojifunzia wema. Hapo sina ubishi: nilijifunzia kanisani. Kumtembelea mgonjwa, kutompiga aliyekwisha kuanguka, kumgawia mgeni hata chakula kikiwa kidogo, yote nilifundishwa Shule ya Jumapili na mama mmoja aliyekuwa hajui kusoma vizuri lakini anazijua Injili kwa kichwa. Nikikana hilo nitakuwa mwizi wa fadhila. Ila mahali ulipojifunzia jambo na sababu inayolifanya kuwa kweli ni vitu viwili. Hesabu nilifundishwa na mwalimu mwenye fimbo, na nilizishika kwa kuiogopa. Fimbo ilishaoza, na saba mara nane bado ni hamsini na sita.

Fundo la pili ndilo gumu zaidi kichwani: nini kinachofanya jambo jema liwe jema? Baba mdogo angejibu bila kusita, amri ya Mungu. Swali hili Sokrate aliliuliza Athens karibu miaka 400 kabla ya Kristo, kama Plato alivyotuhifadhia mazungumzo yake. Je, jambo jema ni jema kwa kuwa miungu inalipenda, au miungu inalipenda kwa kuwa ni jema? Ukishika upande wa kwanza, basi Mungu akiamuru kesho watoto wauawe, kuua watoto kutakuwa wema. Mkristo yeyote ninayemjua moyo wake unakataa hapo. Ukishika upande wa pili, wema ulikuwa wema kabla ya amri, na amri ilikuja kuuthibitisha.

Lakini hatuhitaji kwenda hadi Athens. Fungua Mwanzo sura ya 18. Mungu anamfunulia Ibrahimu atakayoyafanya Sodoma, na Ibrahimu hasemi mapenzi yako yatimizwe. Anasogea karibu na kuuliza: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Kisha anaanza kushusha, kama mtu aliye sokoni: wenye haki hamsini, arobaini na watano, arobaini, thelathini, ishirini, mpaka kumi. Nilipokuwa naamini niliipenda hadithi hii kwa ujasiri wake. Nilipoacha kuamini niliona kitu kingine ndani yake. Ibrahimu anapima kwa pishi gani? Anayo tayari mkononi pishi ya haki, anampimia nayo hata Mungu, na Mungu hamkemei wala hamnyang'anyi.

Waamini wenye kufikiri wanalo jibu, na si jibu dhaifu. Wanasema wema ni asili ya Mungu mwenyewe, kwa hiyo hawezi kuamuru uovu, kama jua lisivyoweza kutoa giza. Nalikubali kama wazo linalosimama. Ila tazama lilikotupeleka. Thomas Aquinas, karne ya 13, alifundisha kwamba akili ya binadamu inaweza kuutambua wema hata pasipo ufunuo. Na Paulo, kabla yake, aliwaandikia Warumi kwamba watu wa Mataifa wasio na torati wanaonyesha kazi ya torati iliyoandikwa mioyoni mwao. Kwa hiyo mafundisho ya kanisa lenyewe yanakubali kwamba asiyeamini anaweza kujua jema na baya. Baba mdogo anaponiambia haiwezekani, anabishana na Paulo kabla hajafika kwangu.

Na huku Afrika hoja hii si mgeni. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, aliyefariki mwaka 2022, alieleza kwa miaka mingi kwamba katika fikra za Waakan, watu wake, wapo wanaoamini Mungu sana na hawaujengi wema juu ya amri zake. Jema ni kile kinachowafaa watu kuishi pamoja kwa heshima. Mswahili anaposema fulani "hana utu", hajauliza kama fulani anasali. Anatazama alivyomtendea mtu.

Hapa ndipo anapoingia mpinzani ambaye namwogopa kuliko baba mdogo, kwa sababu anashambulia kutoka upande wangu. Mjerumani Friedrich Nietzsche hakuwa Mkristo, na mwaka 1889 yalichapishwa maneno yake makali juu ya watu wa aina yangu. Aliwaambia Waingereza: mmemwacha Mungu wa Kikristo, na sasa mnang'ang'ania maadili ya Kikristo kwa nguvu zaidi. Hamna haki hiyo. Ukristo ni jengo moja, ukitoa nguzo ya imani katika Mungu, jengo zima limevunjika na mikononi hakibaki kitu. Akamtaja kwa jina mwandishi George Eliot.

Nadhani alikosea juu ya jengo, lakini alikuwa sahihi juu ya uvivu. Mtu akitoka kanisani na kubeba kila alichofundishwa bila kukichunguza, anaishi kwa mali ya watu. Kazi ya agnostiki ni ile aliyokuwa anaifanya mama siku ile. Unaweka kila kitu kwenye ungo, unarusha juu, unaacha upepo ufanye kazi yake. Inachukua miaka, na inauma.

Kwangu kuna vilivyoruka. Nilipokuwa kijana, msichana wa kwaya yetu alipata mimba kabla ya ndoa. Alitengwa, akakaa viti vya nyuma miezi mingi, kisha akasimamishwa mbele ya usharika kutubu, amembeba mtoto. Aliyempa mimba alikuwa nyuma yangu mstari wa sauti ya tenori, na alituongoza kwenye wimbo wa kumpokea kundini. Wote tulijua. Niliimba na mimi. Hilo niliporusha kwenye ungo halikurudi, na aibu ya kuwa niliimba bado ninayo. Imeruka pia hofu ya jehanamu, imeruka imani kwamba magonjwa ni adhabu, limeruka fungu la kumi kama deni, ingawa kutoa kumebaki.

Na kuna vilivyorudi kwenye ungo vikiwa vizito kuliko nilivyodhani. Msamaria mwema ni mojawapo. Niliisikia mara mia, lakini niliielewa nilipokuwa nje. Yesu anaulizwa jirani ni nani, na anajibu kwa kumchagua shujaa ambaye dini yake wasikilizaji waliiona ni ya upotovu. Kuhani amepita kando, Mlawi amepita kando. Aliyesimama, akafunga majeraha na kulipia nyumba ya wageni, ni yule ambaye wangesema haabudu sawasawa. Hakuna mstari unaosema Msamaria aliongoka kwanza. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba hadithi hiyo si mali yangu tena. Kumpenda adui nako kumebaki, kwa sababu nimeona familia zilizoshindana juu ya mpaka wa shamba kwa vizazi viwili, na sijaona kisu kingine kinachokata kamba hiyo.

Fundo la tatu ni msukumo. Haya, unajua jema, na unajua kwa nini ni jema, lakini usiku hakuna anayekuona, kitu gani kinakusukuma ulitende? John Locke, Mwingereza aliyetetea uvumilivu wa dini mwaka 1689, aliishia hapa: wasioamini Mungu wasivumiliwe, alisema, kwa sababu ahadi na viapo haviwezi kuwafunga. Hofu hiyo ilidumu. Charles Bradlaugh, mkana Mungu, alichaguliwa mbunge wa Northampton mwaka 1880 na akazuiwa kukaa kitini kwake kwa miaka kadhaa kwa ajili ya kiapo. Sheria ya mwaka 1888 ndiyo iliyompa kila mtu ruhusa ya kuthibitisha kwa neno lake badala ya kuapa kwa Mungu. Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa rais anayeingia madarakani njia zote mbili. Na kwa upande mwingine, sote tumeona walioapa na kitabu kitakatifu kimeinuliwa juu, na tumeona walivyofanya baadaye.

Huxley aligongana na fundo hili mbele ya kaburi. Septemba 1860 mtoto wake wa kwanza, Noel, alikufa kwa homa akiwa hajatimiza miaka minne. Katika maziko mchungaji akasoma maneno ya Paulo kwa Wakorintho: wafu wasipofufuliwa, na tule, na tunywe, maana kesho tutakufa. Huxley alimwandikia rafiki yake Charles Kingsley, aliyekuwa kasisi, jinsi maneno hayo yalivyomchoma. Kwa hiyo, aliuliza, kwa kuwa nimepoteza nilichokipenda kuliko vyote, natakiwa nigeuke mnyama? Hata nyani, akasema, ukiwapigia watoto wao risasi, huomboleza mpaka huzuni iishe, hawakimbilii kula.

Nimerudia barua hiyo mara nyingi. Hoja yake haiko kwenye mantiki tu. Anasema upendo ulikuwapo kwanza. Hakumpenda mtoto kwa kuwa kuna ufufuo, na kutokuwa na hakika ya ufufuo hakukumfanya ampende kidogo. Msukumo wa wema mwingi tunaoutenda uko hapo, kwenye nyama na damu, kwenye mtu aliye mbele yako. Sikumbuki siku ambayo niliacha kuiba kwa kuogopa moto. Niliacha kwa sababu nilijua ni nani angelala njaa.

Lakini ningekuwa mwongo nikisema fundo hili linafunguka lote. Nilisema nitamhitaji Sidgwick. Baada ya kujiuzulu alitumia miaka kuandika juu ya misingi ya maadili, na kitabu chake kikatoka mwaka 1874. Akafika mahali pamoja akakwama. Akili inamwambia mtu atafute mema ya wote, na akili hiyohiyo inamwambia alinde maslahi yake. Mara nyingi njia hizi huenda pamoja. Zinapoachana, mathalani pale haki inapotaka uitoe kazi yako, au uhai, bila malipo yoyote, hakuweza kuthibitisha kwa hoja kwamba lazima uifuate haki. Mungu na maisha ya baadaye vingeziunganisha njia hizo, na yeye hakuwa na hakika navyo. Akamaliza kwa kukiri kushindwa. Namheshimu kwa hilo kuliko wote wanaoandika kana kwamba kila kitu kimepatikana. Mtu aliyeacha imani anatenda haki akijua kwamba huenda hakuna atakayemlipa, na hana hoja ya mwisho ya kumlazimisha anayekataa. Anayo sababu yake, anayo nia yake, na anao watu wake.

Watu wake. Hapo ndipo swali la baba mdogo linapokwisha na la mama linapoanza.

George Eliot, yule aliyeshutumiwa na Nietzsche, jina lake la nyumbani lilikuwa Mary Ann Evans, na alikuwa binti mshika dini sana. Januari 1842, akiwa na miaka 22, alikataa kwenda kanisani na baba yake huko Coventry. Baba alikasirika hata akataka kuvunja nyumba, kila mtu ashike njia yake. Ukisoma habari hiyo unadhani imetokea Moshi au Kisii. Mwezi wa Mei wakapatana: binti atakwenda kanisani na baba yake, na awaze anachowaza. Wapo wanaouita huo woga. Mimi sioni hivyo. Aliona kwamba kumvunja moyo mzee kila Jumapili kwa ajili ya kuthibitisha hoja hakukuwa ukweli mkubwa kuliko upendo. Akamuuguza hadi alipokufa mwaka 1849, na usiku wa mwisho akaandika kwa marafiki kwamba baba akiondoka ataona kama sehemu ya utu wake wa ndani imeondoka naye. Mwanamke aliyeacha imani, akiogopa kwamba atapoteza wema wake kwa sababu anampoteza baba. Miaka mingi baadaye, mwaka 1873, akitembea kwenye bustani ya Trinity, alimwambia mwandishi F. W. H. Myers juu ya maneno matatu, Mungu, uzima wa milele, na wajibu: la kwanza haliwaziki, la pili haliaminiki, na la tatu halina msamaha. Maneno hayo ya 1873 hunukuliwa sana. Yale ya 1849 hunukuliwa kidogo, na kwangu ndiyo yenye siri. Wajibu hauna msamaha, ndiyo, lakini kuna mtu anayetukumbusha.

Kanisa ni mashine kubwa ya kukumbushana. Ukikosekana Jumapili mbili, kuna atakayeuliza mbona huonekani. Jumuiya inakuja sebuleni kwako. Bahasha ina jina lako. Kuna kalenda inayokulazimisha ufikiri juu ya mateso wakati wa Kwaresima hata kama mambo yako ni mazuri. Na kuna toba. Nilipotoka sikujua kwamba hiyo ndiyo ningeikosa zaidi. Mwaka mmoja nilimcheleweshea fundi malipo yake miezi miwili, kwa uzembe tu, na mtoto wake akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Zamani ningeungama ibadani, nikapokea maneno ya ondoleo, nikatoka mwepesi. Safari hii hapakuwa na wa kuniambia umesamehewa isipokuwa fundi mwenyewe. Nilikwenda kwake na fedha na fidia kidogo. Alizipokea, hakunisamehe siku hiyo, na hakuwa na wajibu wa kunisamehe. Najua Mathayo 5 inasema vilevile, acha sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Niliusoma mstari huo miaka ishirini na sikuufanya hata mara moja, kwa sababu njia ya mkato ilikuwapo.

Ndiyo maana simwambii mtu kwamba akitoka atakuwa huru na mambo yatanyooka. Atatakiwa ajijengee kwa mikono vitu ambavyo alivikuta vimejengwa. Wazee wetu walijaribu jambo la namna hiyo kwa ngazi ya taifa. Ahadi za mwana-TANU, zilizokaririwa na Wakristo, Waislamu na wenye dini za jadi kwa pamoja, zilikuwa na maneno haya: "Binadamu wote ni ndugu zangu", "Cheo ni dhamana", "Rushwa ni adui wa haki", "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko". Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kuhudhuria misa, na chama alichokiongoza hakikutaka ahadi hizo zisimame juu ya dini ya mtu yeyote. Zilivunjwa na wengi. Lakini hakuna aliyesema hazieleweki kwa sababu hazikutaja Mungu.

Huku kwetu kutoka kuna ukimya wake. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 755,750 waliojieleza kuwa hawana dini. Tanzania haijauliza dini katika sensa tangu 1967, na ninaamini wengi wetu tungeulizwa mbele ya wazazi tungejibu kama zamani. Ngũgĩ wa Thiong'o hakunyamaza. Machi 1970 alisimama Nairobi mbele ya mkutano mkuu wa Wapresbiteri akawaambia kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo, na kwamba anakiri hivyo asije akaitwa mnafiki. Mzee mmoja akamjia akitetemeka kwa hasira, na fimbo mkononi, akamwambia: wewe ni Mkristo, jina lako James. Ngũgĩ akaliacha jina hilo, ila kilio cha manabii juu ya maskini kikabaki katika kila alichoandika.

Na sasa mazishi. Mwaka 1880 George Eliot alipofariki, marafiki walitaka azikwe Westminster Abbey pamoja na waandishi wakubwa. Aliyewashauri waache alikuwa Huxley, agnostiki mwenyewe. Alisema anayechagua uhuru wa mawazo na matendo asitamani tena zawadi ambazo dunia huwapa waliokubali minyororo yake. Akazikwa makaburi ya Highgate, sehemu isiyowekwa wakfu. Jiwe la kumbukumbu likawekwa Abbey mwaka 1980, miaka mia moja baadaye. Naona ukali katika maneno ya Huxley, na naona pia kwamba hakudanganya. Siwezi kudai mchungaji aje anifanyie ibada ninayosema siiamini, wala kumlaumu akikataa.

Lakini mama hakuuliza juu ya mchungaji. Kwetu kuzika ni kukusanyika, ni wa kuleta maturubai, wa kupika, wa kuchimba, wa kukaa na wafiwa siku zinazofuata watu wakishaondoka. Vitu hivyo vimefungwa na usharika kiasi kwamba aliposikia nimetoka, aliona kiwanja kitupu. Nilichoweza kufanya ni kuhakikisha sikosekani kwenye kiwanja cha wengine.

Mwaka jana jirani yetu alifariki. Nilifika alfajiri na vijana wa kuchimba kaburi. Saa mbili mama akaja na birika la chai na maandazi ya wachimbaji. Akanimiminia, akasogea ukingoni na kuchungulia kina, akaniuliza kama udongo wa upande ule ni mgumu. Nikamwambia ni mawe matupu kuanzia futi tatu. Akasema basi yeye alazwe kule juu, karibu na mparachichi, ambako udongo ni laini. Mchungaji atasoma ya kwake, akasema, na wewe utasimamia kuchimba. Nikamjibu sawa, mama. Akachukua kikombe changu, akakifuta kwa kanga, akammiminia kijana aliyefuata.